Mtunzi Akianza Kujieleza

"Mjomba, yule jamaa angekaa kimya tu."

Aliyesema hivyo ni mpwa wangu wa Vugiri, na jamaa mwenyewe ni Hajime Isayama, Mjapani aliyechora na kuandika Attack on Titan. Vugiri iko milimani, wilaya ya Korogwe, upande ule wa chai wa Ambangulu na Dindira. Mtandao huko unashika kwa kuchagua pa kusimama, lakini vijana wamemaliza mfululizo mzima kwa kurushiana mafaili kwenye simu, na wanaujua kuliko wanavyoijua ratiba ya ligi kuu. Sura ya mwisho ya kitabu cha katuni ilitoka Aprili 2021 na mashabiki dunia nzima wakagawanyika. Novemba 2022 Isayama akapanda jukwaani New York, akakiri mbele ya watu kwamba mwisho ule ulimpa taabu, na kwa namna yake akaomba radhi. Mwaka uliofuata akaeleza tena kwamba alijikuta amefungwa na mwisho aliouwaza tangu akiwa kijana. Ukumbini walimpigia makofi. Mpwa wangu hakupiga. Hoja yake ni fupi: kama aliona hauko sawa si angeubadilisha, na kama uko sawa anaomba radhi ya nini?

Nilimjibu kwamba ugomvi huo sisi tumeshaugombana, tena kwa Kiswahili, kabla mimi na yeye hatujazaliwa, na hapakuhitajika katuni. Akaniangalia kama watu wanavyomwangalia mjomba anapoanza mambo yake ya chuo. Basi nayaandika hapa.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa diwani inayoitwa Kichomi. Alikuwa na miaka thelathini, mzaliwa wa Namagondo kisiwani Ukerewe, na jina lake lilikuwa tayari moto. Rosa Mistika (1971) ilikuwa imewashtua wazazi na walimu kiasi cha kuzuiwa isisomwe mashuleni. Lakini Rosa Mistika ilikuwa riwaya, na riwaya wakati ule haikuwa na wenyewe. Ushairi ulikuwa na wenyewe.

Uelewe hali ilivyokuwa. Miaka ishirini kabla ya hapo, mwaka 1954, Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa ametoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Angalia jina la kitabu: hakusema mwongozo wala ushauri, alisema sheria. Shairi lina beti, beti ina mishororo, mara nyingi minne, kila mshororo una mizani kumi na sita, nane huku na nane kule, na vina vya kati na vya mwisho. Abedi hakuwa mtu wa pembeni. Alikuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Nyerere. Kulikuwa pia na chama cha washairi, UKUTA, na humo alikuwamo Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliyeieneza ngonjera hadi ikafika kila shule ya msingi nchini. Sisi sote tuliowahi kusimama mstarini kwenye mahafali tukiimba ngonjera mbele ya mgeni rasmi ni wajukuu zake, tupende tusipende.

Halafu kulikuwa na magazeti. Toka Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, ukurasa wa mashairi ulikuwa uwanja wa kujibizana. Mtu anatunga, mwingine kutoka mji mwingine anamjibu kwa vina vilevile, wa tatu anaingilia kuwaamua, wa nne anauliza fumbo na kuomba jibu. Tunaposema siku hizi kwamba mashabiki wamekuwa wasumbufu kwa sababu ya simu, tunajisahau. Mshairi wa Kiswahili amezoea kuulizwa "ulikuwa na maana gani?" na amezoea kujibu. Ila kulikuwa na sharti: swali huja kwa shairi na jibu huja kwa shairi. Ukitaka kulalamika kuhusu mtunzi, lazima kwanza uonyeshe kwamba na wewe unaweza kuhesabu mizani. Sijui kama kuna kichujio bora cha mashabiki kuliko hicho.

Kezilahabi alivunja mambo mawili kwa mpigo. Aliandika mashairi yasiyo na vina wala mizani, mistari mirefu na mifupi, kwa lugha anayoongea mtu wa kawaida. Na akaweka utangulizi wa kueleza kwa nini. Kujieleza kwenyewe kulikuwa kwa nathari, yaani nje ya uwanja. Waliozoea kujibizana kwa beti wakakuta mtu ameandika hoja ya kisomi, ikiwa na jina la Chuo Kikuu nyuma yake.

Alichosema, kwa ufupi wangu, ni kwamba haji kuufuta ushairi wa mapokeo. Anataka lugha ya ushairi iwe karibu na lugha ya watu na mawazo yao ya kila siku, na fomu isimfunge mtunzi asiseme alilonalo. Miaka miwili baadaye akarudia hoja hiyo kwenye insha aliyoiita "Ushairi wa Mapokeo na Wakati Ujao". Ukilisikia jina hilo ukiwa mtu wa mapokeo, unajua umewekwa upande gani wa kalenda.

Majibu yalikuja, na yaliendelea kwa zaidi ya muongo mmoja. Wakasema hiyo ni nathari iliyokatwakatwa. Wakasema ni kuiga Wazungu. Wakasema aliyeshindwa kuhesabu mizani sasa anaita kushindwa kwake kuwa mtindo mpya. Hilo la mwisho lilikuwa tusi tu, maana Kezilahabi aliyajua mapokeo vizuri, na shahada yake ya uzamili aliifanya juu ya Shaaban Robert. Upande wa pili wakasimama Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, waliotoa Malenga wa Bara (1976) na baadaye Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Katika miaka ya 1980 Jumanne Mayoka akatoa kitabu ambacho jina lake linatosha: Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Mwaka 1988 Ibrahim Noor Shariff naye akaja na Tungo Zetu, kuutetea ushairi wa pwani kuwa wa Waswahili wenyewe na si wa kuazima. Jina hilo nalo lina neno "zetu" ndani yake. Huu haukuwa ugomvi wa silabi. Watu walikuwa wanagombana Kiswahili ni cha nani.

Na hapa ndipo mtu wa Vugiri anaposhindwa kukaa pembeni. Kwetu si pwani, ingawa Tanga iko chini tu, safari ya saa chache. Wala si Ukerewe au Bukoba. Nyimbo za Kisambaa nilizozikuta, za kulima, za harusi, za msiba, hazina kina cha kati wala cha mwisho. Zina mwito na itiko, zina mwimbaji anayeanza na watu wanaodaka, na urefu wa mstari unategemea pumzi na jembe. Kina Mulokozi walisema jambo la aina hiyohiyo kutokea Uhaya, kwenye tendi za nanga: kwamba bara nako kulikuwa na ushairi mkubwa usiojua habari ya mizani kumi na sita. Hoja yao ilikuwa kwamba ukisema shairi lisilo na vina si la Kiafrika, umewafukuza Waafrika wengi sana nje ya nyumba. Nilipoisoma nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilihisi mtu ameniwekea kiti.

Lakini sitaki kujifanya kwamba kwa hiyo Kezilahabi alifanya vyema kujieleza. Ule utangulizi uliyameza mashairi. Hebu jaribu: muulize mtu aliyesoma Kiswahili chuoni Kichomi inahusu nini. Atakwambia vina na mizani. Atakwambia ushairi huru. Mgogoro. Ni wachache watakaokwambia kwamba ndani kuna mtu mwenye maumivu, aliyerudi kijijini akakuta si kwake tena, anayeitazama nchi changa ya ujamaa kwa macho ya mtu asiyeamini haraka. Kichomi ni ule uchungu wa kifuani unaokukata unapovuta pumzi. Jina lenyewe linakueleza hali ya mtunzi, na sisi kwa miaka hamsini tumekuwa tukiongelea idadi ya silabi. Tulipewa kurasa chache za maelezo na diwani nzima ya mashairi, tukachagua kugombania zile kurasa chache, kwa sababu ugomvi ni rahisi kuliko shairi.

Kwa upande mwingine, angefanyaje? Isayama alijieleza baada ya watu kukasirika. Kezilahabi alijieleza kabla, kwa sababu sheria ilikuwepo tayari kwenye maandishi na alijua hukumu itakavyokuwa. Mtu anayejitetea mahakamani hatuwezi kumlaumu kwamba anaongea sana.

Kuna masimulizi ambayo hayana wa kujitetea kabisa, na kwetu tumelelewa nayo. Kila mtu wa Korogwe na Handeni amesikia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu. Alizaliwa akaota meno ya juu kwanza, yaani kigego, mtoto wa mkosi. Alipokua ndugu zake wakamnyima urithi. Akapita nchi ya Wazigua na mbwa wake akiua nguruwe, akafika Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa huko, mtoto akauawa na nguruwe mawindoni, Mbegha akakimbia tena. Akapanda Usambaa. Akawapa watu nyama, wakampa chakula cha shambani. Akaua simba, wakamfanya mfalme, na kizazi chake ndicho Wakilindi waliotawala kutoka Vuga. Abdallah bin Hemedi aliyaandika haya kwa Kiswahili mwishoni mwa karne ya 19 katika Habari za Wakilindi, na wamisionari wa Kianglikana wakayachapa. Miaka ya 1960 Mmarekani Steven Feierman alizunguka Usambara akakusanya masimulizi ya kisa hicho kwa watu mbalimbali, na kitabu chake The Shambaa Kingdom (1974, mwaka uleule wa Kichomi) kinakichukua kisa hicho kama jambo la kufikiri nalo, si kumbukumbu tu ya yaliyotokea.

Kwa nini mtu wa mkosi ndiye awe mfalme? Kwa nini nyama? Hakuna wa kumuuliza. Hakuna Isayama wa Mbegha. Mzee wa ukoo wa Wakilindi atakwambia alikuja kuleta haki nchini. Mzee wa ukoo uliokuwepo kabla yao anaweza kukisimulia kisa hichohicho ukatoka na picha ya mgeni mjanja aliyenunua nchi kwa mapaja ya nguruwe. Mzigua wa Handeni atakukumbusha alikotokea. Kila mmoja ana uhakika, na kisa kinaendelea kusimama. Nikifikiria, uhuru huo ndio mpwa wangu alioporwa New York. Alikuwa na maelezo yake ya mwisho wa Attack on Titan, amekaa nayo, ameyatetea mbele ya wenzake, halafu mwenye kazi akatoka akasema na mimi sina uhakika.

Sasa kuna Ebrahim Hussein, na hapa nitakaa kidogo, maana yeye aliliona tatizo lote hili akaliweka jukwaani.

Kinjeketile ilitoka mwaka 1969. Mtunzi alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Kilwa, na mada yake ilikuwa Vita vya Majimaji. Kule Chuo Kikuu wanahistoria walikuwa wakikusanya simulizi za wazee juu ya vita hivyo, na taifa changa lilikuwa linawatafuta mashujaa wake. Hussein naye aliweka maelezo mwanzoni, na yanasema jambo moja la maana: huyu Kinjeketile wa mchezo si yule wa historia. Ni mtu wa kubuni. Msimpime kwa vipimo vya mwanahistoria.

Watu hawakumsikia. Kwa Watanzania wengi waliosoma mchezo huo shuleni, Kinjeketile wa Hussein ndiye Kinjeketile. Nimewahi kumsikia mtu mzima, msomi, akinukuu maneno ya mchezo kama ushahidi wa kilichotokea Ngarambe. Mtunzi anaweza kukuandikia ukurasa wa kwanza kabisa kwamba nimebuni, na wewe ukaufungua ukurasa wa pili na kuamini.

Lakini angalia alichobuni. Kinjikitile Ngwale wa historia alinyongwa na Wajerumani pale Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu. Mashambulizi ya Mahenge yalikuja mwishoni mwa mwezi huo, na vita viliendelea hadi 1907. Yaani hadithi ya maji yanayogeuza risasi kuwa maji ilisambaa kutoka kabila hadi kabila huku mwenyewe ameshakufa. Hakuna aliyepata nafasi ya kumrudia na kumuuliza. Hussein akambakiza hai. Katika mchezo anaishi mpaka vita vinashindwa, anafungwa, na mwishoni anatakiwa atamke kwamba maji yale yalikuwa uongo.

Na njia ya kufikia hapo ni muhimu. Ndani ya mchezo, Kinjeketile mwenyewe anaanza kuwa na mashaka. Akiwa amepandwa na pepo wa Hongo ametamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, na akili inapomrudia anagutuka: tunamtoa Mjerumani ili tumpokee nani? Anataka watu wasubiri, wafanye mazoezi, wajipange. Watu hawataki kusubiri. Wameshalichukua neno, limekuwa lao, na wanalielewa kuliko aliyelisema. Anabaki mtu aliyezidiwa na hadithi yake mwenyewe. Kama umewahi kuona mashabiki wakimfundisha mwandishi mhusika wake anavyopaswa kufanya, basi umeshaona kipande kidogo cha jambo hilo.

Pale gerezani, kusema ukweli kungekuwa rahisi. Wenzake wamekufa, maji hayakuzuia risasi. Anakataa. Si kwa sababu bado anaamini maji. Anakataa kwa sababu anajua akitamka hivyo, hatakuwa amekana maji tu. Atakuwa amewapokonya watu kitu ambacho kimeshatoka mikononi mwake, na ambacho watoto wao watakihitaji. Yeye si mwenye nacho tena.

Huwa nawaza kama Hussein alikuwa anajiandikia. Baada ya Kinjeketile aliandika Mashetani (1971), mchezo ambao wanafunzi wanatoka jasho nao mpaka leo, kisha Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976), Arusi (1980) na Kwenye Ukingo wa Thim (1988). Aliacha kazi ya chuo katika miaka ya 1980 akaishi kimya Dar es Salaam. Wahakiki wamebishana juu ya Mashetani kwa nusu karne, shetani ni nani, binadamu ni nani, mbuyu ni nini, naye hakuinua kidole kuwaamua. Tangu 2014 kuna tuzo ya ushairi yenye jina lake. Kuna watu wanaona kimya hicho ni kiburi. Mimi kinanipa raha ya ajabu kila ninapofungua Mashetani, kwa sababu najua hakuna atakayenikatiza.

Kimya si lazima kiwe cha upole, lakini. Hideaki Anno alipomaliza Neon Genesis Evangelion kwenye televisheni ya Japani Machi 1996, kwa vipindi viwili vilivyofanyika karibu vyote ndani ya kichwa cha mhusika, watazamaji walikasirika hadi wakamwandikia vitisho. Mwaka uliofuata alitoa filamu yenye mwisho mwingine, na katikati yake, kwa sekunde chache, akapitisha kwenye skrini barua za mashabiki wenyewe, pamoja na za matusi. Hakueleza kitu. Aliwarudishia maneno yao. Watu wa ukurasa wa mashairi wa Mambo Leo wangemwelewa vizuri sana: hilo ni jibu la ndani ya uwanja.

Kezilahabi naye nadhani alijifunza. Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni riwaya fupi zinazomwacha aliyezoea Rosa Mistika kichwa kikizunguka. Hapo ndipo wasomaji wangehitaji kushikwa mkono kuliko wakati wowote, na safari hii hawakupata utangulizi wa kuwatuliza. Mashairi nayo aliendelea kuyaandika vilevile, Karibu Ndani (1988), Dhifa (2008), mpaka alipofariki Januari 2020.

Wiki iliyopita niliisoma Kichomi upya, nikaanza na mashairi na utangulizi nikauacha wa mwisho. Ukisomwa hivyo unakuwa kitu kingine, barua. Ni barua ya kijana wa Ukerewe kwa wakubwa waliomfundisha, akiwaomba wamwelewe kabla hawajamhukumu. Shaaban Robert alikuwa amefariki mwaka 1962. Amri Abedi alifariki 1964. Mnyampala alifariki 1969. Kichomi ilipotoka, wote watatu walikuwa kaburini, na waliomjibu walikuwa wanafunzi wao.